Mlango Uliofungwa Mchana

Kokugonza alirudi kwao Ngenge siku ya Jumatatu ili apumzike, na kufikia Alhamisi jioni alikuwa amepigiwa penalti themanini na tatu. Hesabu hiyo ilitunzwa na baba yake, Mzee Projestus, mwalimu aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kuandika mahudhurio. Alikuwa na daftari kubwa, na humo kila mpigaji alikuwa na mstari wake: jina, kitongoji, na kama lilikuwa goli au lilidakwa.

Koku, kama walivyomwita nyumbani, alikuwa kipa wa timu ya taifa ya wanawake. Miezi miwili nyuma, kwenye nusu fainali, alidaka penalti mbili na jina lake likajulikana hadi kwa watu wasiojua mpira una umbo gani. Yaliyofuata hayakutangazwa redioni. Mikono ilianza kumtetemeka akishika kikombe. Moyo ulimwenda mbio kila aliposikia filimbi, hata ikiwa ya mlinzi anayeelekeza magari. Usiku mzima alipata usingizi wa saa moja, na siku moja kabla ya mazoezi alijifungia chooni uwanjani akashindwa kutoka, ingawa tumbo lilikuwa halimuumi. Daktari wa timu alimpima magoti, akakuta magoti ni mazima, akampongeza.

Mwisho alijipeleka mwenyewe kwa mwanasaikolojia huko Dar es Salaam, mama mmoja mpole aliyemsikiliza hadi mwisho. Mama huyo akamwambia kwamba anaumwa kama anavyoumwa mtu aliyevunjika mguu, tofauti ni kwamba ugonjwa huu hauwekewi plasta. Akamwandikia wiki sita za kupumzika: asiguse mpira, asiende kambini. Kisha akampa na kazi ya nyumbani. Kila asubuhi asimame mbele ya kioo aseme "hapana" mara kumi, kwa sababu mgonjwa huyu alikuwa amekubali kila alichoulizwa, hata miadi ya saa ambayo hakuwa na namna ya kufika.

Koku alifaulu vizuri mbele ya kioo. Shida ni kwamba kioo hakijawahi kuja nyumbani kwa mtu kikiwa na kuku mkononi.

Kwetu mgeni hakataliwi. Akifika anapewa kiti, anapewa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu kidogo, anaulizwa habari za kwake, na akishasema kilichomleta anajibiwa "ndiyo" au "tutaona," ambayo ni "ndiyo" inayotembea polepole. Na wageni wa wiki ile wote waliletwa na jambo moja. Walitaka kupiga penalti. Moja tu, waitu, walisema kwa adabu ya kwetu, ili waje wawasimulie wajukuu.

Mzee Projestus aliisoma karatasi ya daktari mara mbili, akaikunja vizuri, akasema kwamba daktari huyo ni mtu wa Dar es Salaam na bila shaka alikuwa anazungumzia mpira wa Dar es Salaam. Goli likawekwa kati ya mfenesi na nguzo ya kufungia mbuzi. Wahenga wamesema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Koku ni mtoto wa nyumba, siku ya kwanza alipewa glavu.

Katekista Philbert alipiga kwa viatu vya Jumapili, kiatu kimoja kikaruka juu ya jiko. Mtendaji wa kijiji alikuja na faili kwapani ili ionekane ni safari ya kikazi. Nesi wa zahanati alipiga vizuri kuliko wanaume wote, akashukuru, akaondoka bila majigambo, na Koku akampenda huyo peke yake. Wengine walikuwa hawana adabu ya mpira kabisa. Ukidaka mpira wa mtu, kesho anarudi kulipiza kisasi. Ukimwachia afunge, kesho anarudi na kaka zake na mashemeji wawe mashahidi. Jumatano Koku alijaribu kuachia yote ipite, na baba yake akamwita pembeni, akamuuliza kwa masikitiko kama anataka kuiaibisha nyumba.

Msomaji asije akadhani Mzee Projestus alikuwa mtu katili. Alimpenda binti yake hadi majirani walichoka kumsikiliza. Miaka thelathini alifundisha watoto waliokwenda zao wasirudi hata kumsalimia, na sasa huyu wa kwake alikuwa amerudi, tena na jina. Alishindwa kumficha, kama mtu aliyekata mkungu mkubwa akaamua kupita nao njia ya sokoni. Mkewe, Mama Joanitha, ndiye aliyeona binti anashika kikombe kwa mikono miwili. Alimwambia mumewe amwache mtoto, naye akajibu kwamba mpira si jembe, ni mchezo.

Mbele ya Koku kulikuwa na mambo mawili. Jumapili ilikuwa jubilei ya parokia, na baba yake alikuwa amemwahidi padri kwamba Koku atakaa golini na kila jumuiya italeta wapigaji watano. Jumuiya zilikuwa kumi na mbili. Jambo la pili ni kocha wa timu ya taifa, Rweyemamu, aliyekuwa hajaiona karatasi ya daktari kwa sababu Koku aliogopa kumwonyesha. Yeye alitaka jibu kabla ya Jumamosi jioni kama kipa wake ataripoti kambini Jumatatu. Jibu la wote wawili lilikuwa neno moja, na Koku alikuwa amelifanyia mazoezi.

Ijumaa jioni alijaribu. Alianza na mvua, akapitia kwenye kahawa iliyochanua mapema, akazunguka kwa mjomba aliyehamia Karagwe, na hatimaye akafika kwenye Jumapili. Baba yake alimkatiza kwa upole. Alisema asiwe na wasiwasi, yote ameyafikiria, na ndiyo maana kesho alfajiri yeye na mama yake wanakwenda Bukoba. Kuna fundi huko Buhembe anachapa fulana zenye picha ya Koku, sitini, moja kwa kila mpigaji. Mama atapimwa macho, watamsalimia shangazi yake Koku, dada wa mzee, aliyeko Kibeta, kisha watarudi.

Koku alisema asante. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akatapika. Alibaki ameinama pale muda mrefu, akaogopa kweli, kwa sababu ilimjia akilini kwamba anaweza kufa akiwa anasema ndiyo.

Jumamosi wazazi waliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa Noah ya kukodi, bila kumuaga jirani yeyote. Saa mbili asubuhi Koku alisikia sauti za wanaume barabarani na mpira ukidundwa. Moyo ukaanza. Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kulifanya. Alitoka haraka, akaweka mti ukingame kwenye njia ya kuingilia uani ili mtu asipite, akarudi, akafunga mlango wa mbele, akafunga madirisha. Jikoni hakuwasha moto. Simu akaizima. Akasogeza viti ukutani, akatandika mkeka katikati ya sebule, akalala chali kama daktari alivyomfundisha: vuta pumzi uhesabu nne, toa uhesabu sita. Kabla hajafika mbali usingizi ukamchukua.

Hapa lazima nimweleze jambo moja msomaji asiyetoka kwetu. Nyumba haifungwi mchana. Mtu akienda kibanjani, kwenye migomba yake, mlango anaurudishia nusu. Hata mtu aliyegombana na majirani huuacha wazi, waone kwamba hana wasiwasi nao. Mlango uliofungwa saa mbili asubuhi, jiko lisilo na moshi, viti vimesogezwa ukutani na mtu yuko chini kwenye mkeka, hayo yote kwa pamoja yana maana moja tu, na mtoto wa darasa la kwanza anaijua.

Jirani yao Kamala, aliyekuja kwa penalti yake ya tatu, alisimama kwenye ule mti uliokingama. Akaita, hakuitikiwa. Akazunguka, akachungulia kwenye ufa wa dirisha, akaona alichokiona. Akakumbuka kwamba wazee waliondoka alfajiri kwa haraka bila kusalimia mtu. Akakumbuka pia kwamba dada wa mzee, yule wa Kibeta, ana presha ya siku nyingi. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mzee Projestus alikuwa amekwenda kuchukua mwili. Kamala alivua kofia, akauficha mpira chini ya majani ya migomba kwa heshima, akaenda kumwambia katekista.

Kufikia saa sita jumuiya nane zilikuwa zimefika. Walutheri nao walikuja, na sufuria yao. Ndizi zikaletwa, kuni zikaletwa, maji kwenye madumu, turubai kutoka ofisi ya kijiji. Waliotoka kulima walirudisha majembe ndani, maana siku ya msiba hailimwi. Hakuna aliyegonga mlango, kwa kuwa mfiwa akipata usingizi haamshwi.

Koku aliamka saa nane kwa sauti ya shoka likipasua kuni. Alichofikiria kwanza ni kwamba jubilei imesogezwa mbele. Akafungua mlango akiwa ameshajiandaa kukubali.

Uani kulikuwa na watu themanini au zaidi, wamekaa chini, kimya. Katekista Philbert akavua kofia. Kamala akainamisha kichwa. Hakuna aliyesema "moja tu." Bibi mmoja, Agnetha, ambaye nyumba yake iko mteremkoni, chini kidogo ya kisima, akanyanyuka taratibu, akamwendea, akafungua mikono.

"Pole, mwana wange," alisema.

Tangu nusu fainali Koku alikuwa ameambiwa hongera na mawaziri, makondakta na watu asiowajua. Pole hakuwa ameambiwa na mtu. Aliangukia kifuani kwa yule bibi akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na wale waliokuja wakiwa na mashaka kuhusu msiba, mashaka yakawaisha.

Haikumchukua muda kuelewa. Aliona turubai, aliona wanaume wamekaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, akajua wanadhani nini. Alipaswa kusema hapo hapo. Lakini hakuna aliyemuuliza neno. Mfiwa haulizwi, watu wanakaa naye, wanamshikisha uji, wanamwambia anyooshe miguu, na anayekuja na shida zake anapokelewa mbali na kuambiwa ngoja. Koku alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake akiwa na kikombe cha uji. Akautazama mkono wake. Ulikuwa umetulia. Aliona aibu kubwa, na aliona raha kubwa, vyote kwa pamoja, akaomba kikombe cha pili.

Ile Noah ilifika saa kumi na nusu.

Mzee Projestus aliona kwanza moshi, halafu turubai, halafu watu waliokaa chini nyumbani kwake. Ndani ya gari alikuwamo yeye, na mkewe alikuwa ubavuni mwake. Nyumbani walikuwa wamemwacha mtu mmoja. Hakusubiri gari lisimame sawasawa. Bunda la fulana lilimponyoka mapajani likaangukia kwenye tope, akalikanyaga, akapita. Mzee huyu hakuwa amekimbia tangu goti lake liharibike, na sasa alikimbia, akiita jina la binti yake. Hakulia. Aliliita kama mtu anayetarajia kuitikiwa, akangoja kidogo, akaliita tena.

Waliokuwa uani walimwona anakuja mbio, mikono kichwani, wakajua ni uchungu wa dada yake. Wanawake wakaangua kilio kumpokea. Kilio hicho kikamthibitishia alichokuwa anakiogopa. Kwa hiyo kutoka kwenye mti wa njiani hadi mlangoni, hatua kama arobaini, Mzee Projestus alikimbia akiwa amefiwa na mtoto wake.

Kisha akamwona binti yake mlangoni, amesimama, na kikombe cha uji.

Naye akasimama. Nyuma yake Mama Joanitha alifika akiwa na kiatu kimoja, akamwona binti yake, akakaa pale pale alipofikia. Kilio cha wanawake kilipungua kidogo kidogo, kwa sababu walikuwa wanatazama gari na hawaoni jeneza.

"Nani amekufa?" aliuliza Mzee Projestus.

Kamala alimtazama katekista. Katekista akasema, kwa unyenyekevu, kwamba wao walidhani ni dada wa mzee, yule wa Kibeta. Mzee akajibu kwamba dada yake amemwacha anakaanga senene.

Hapo watu wote wakageuka kumtazama Koku. Moyo ukaanza mbio zake. Daktari alikuwa amemwambia ukianza hivyo aseme kitu cha kweli, kifupi, asizunguke.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Nilifunga mlango kwa sababu naumwa. Kesho sitadaka. Na kambini siendi."

Katekista Philbert akakohoa. Alisema wanampa pole sana kwa ugonjwa, lakini watu sitini wameshajiandikisha, na pengine angeweza japo kukaa golini bila kudaka.

"Hapana, katekista," alisema Koku.

Alijua akisubiri jioni atamkubalia mtu mwingine. Aliwasha simu mbele yao wote, akampigia kocha Rweyemamu. Kocha aliuliza ni mguu upi. Koku akamwambia si mguu, ni kichwa na moyo, hajalala vizuri tangu nusu fainali, na daktari amemwandikia wiki sita. Kisha kocha akasema anasikitika, na kwamba itabidi aite kipa mwingine, na kwamba jezi namba moja hawezi kumuahidi atairudia. Maneno hayo yalimuuma Koku sana. Kwa jezi hiyo aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na mitano. Akasema ameelewa, na kwamba jibu lake ni lile lile. Akakata simu.

Baba yake alikuwa bado amesimama mahali pale pale.

"Lakini jana ulidaka kumi na tisa," alisema.

"Nilikuwa naogopa kukukatalia, tata," Koku alimwambia baba yake.

Mzee alitafuta kiti kwa macho. Viti vyote vilikuwa ndani, ukutani. Akakaa chini kwenye majani, kama wafiwa wanavyokaa, na Koku akatoka mlangoni akaja akakaa karibu yake.

"Nilipoona watu," baba yake alisema, "nilijua ni wewe."

"Ilibaki kidogo," alisema Koku.

Hakusema kwa sauti kubwa. Waliokuwa karibu walisikia, na waliokuwa mbali waliambiwa na wa karibu, hadi neno likafika kwa wapasua kuni na shoka likanyamaza. Mzee Projestus aliushika mkono wa binti yake, akabaki ameushika.

Watu wakaanza kutazamana. Hakuna aliyejua msiba usio na marehemu unaondokwaje. Ndizi zilizoletwa kwenye msiba hazirudishwi nyumbani, hilo walilijua. Mtendaji alianza kusema kwamba basi, kwa kuwa ni mgonjwa tu, pengine watu wangetawanyika.

Ndipo Agnetha aliponyanyuka. Miaka mitatu iliyopita watu hawa hawa walikusanyika kwake kwa ajili ya mwanawe Avit, mwalimu, kijana mcheshi, ambaye jioni alimwambia mama yake yuko salama na asubuhi mama yake akamkuta kwenye mibuni, amejitoa uhai. Tangu siku hiyo Agnetha hakuwa amesimama mbele ya watu kuzungumza. Sasa alichukua kisu kwenye beseni, akavuta mkungu wa kwanza, akautegemeza gotini.

"Mnauliza nani amekufa," alisema. "Kwangu mlikuja na ndizi hizi hizi, na mlikuja kesho yake. Hapa mmewahi. Kaeni mmenye."

Wanawake wakavuta beseni, wakaanza kumenya.